Nilivyodakwa getini na bastola ya bata

Jamani, hii imenitokea hapa hapa Dodoma na hadi leo nikipita lile jengo la karibu na Nyerere Square walinzi wananiita Mzee wa Bata, so ngoja niielezee mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wengine wakaongezea chumvi.

Kuna vijana wa IT waliandaa maonyesho ya historia ya video gemu, kamakumbusho ka wikiendi moja tu, ukumbi wa chini. Wakatupia tangazo kwenye magrupu ya wasap kwamba mwenye gemu la kizamani alilete. Mimi ninalo, lilikuwa chini ya kitanda kwa mama kule Nkuhungu, lile la kaseti ambayo nje imeandikwa magemu 9999 halafu ndani yapo kama kumi yanajirudia rudia, na pamoja nalo ipo bunduki ya kuchezea, ya kupigia bata wa kwenye TV. Sasa hiyo bunduki ndo mwanzo wa matatizo. Nintendo, kampuni ya magemu ya Japani, walipoitoa ya kwao huko kwao mwaka 1984 waliipa umbo la rivolva kabisa, Marekani ikauzwa ya kijivu yenye sura ya kitoto, baadaye wakaigeuza rangi ya chungwa mtu asije akadhani ni ya kweli. Waliokopi ya kwetu habari za chungwa hazikuwafikia. Ni nyeusi tii, ina hadi kinyundo nyuma.

Nikaitia kwenye begi na gemu lake, nikamchukua mpwa wangu wa miaka 7, huyoo tukaondoka.

Getini kuna ile mashine ya kukagulia mizigo. Begi likaingia, mkanda ukasimama. Dada afande akaangalia skrini, akaniangalia mimi, akarudi kwenye skrini akaisogelea. Nikachungulia. Wallahi picha ilikuwa mbaya: bastola imelala ubavu, kitakoni kwake unatoka waya umejiviringisha viringisha, waya umeenda kuingia kwenye kiboksi chenye vitufe viwili vyekundu. Hata ningekuwa mimi ningenikamata.

"Kaka, sogea pembeni. Taratibu."

"Afande hiyo ni toi tu ya..."

Mpwa wangu akadakia, "Anko, si ulisema leo tunaenda kuua bata?"

Na hapo hapo simu ikaita. Ni jamaa wa maonyesho. Afande akasema pokea, weka laudi. Nikaweka. "Oya broo uko wapi, bunduki umekuja nayo? Huku watu wameshajaa!"

Nikapelekwa kwenye kachumba ka walinzi. Humo yupo mzee mmoja Mgogo, mkuu wa zamu, ana daftari na peni. Nikaona nijipendekeze, nikamrushia "Mbukwenyi mzee wangu!" kwa tabasamu zote nilizonazo. Akasema, "Weka mikono juu ya meza kijana."

Mimi nikiogopa huwa naongea. Kuna watu wakiogopa wananyamaza, Mungu awabariki. Nikaanza kumwelezea mzee historia nzima ya video gemu ili aone kwamba najua ninachokifanya, nikaanzia mbali, kwamba mwaka 1958 kule Marekani kwenye maabara ya Brookhaven kulikuwa na mwanafizikia anaitwa William Higinbotham, akatengeneza gemu la tenisi kwenye kioo cha osiloskopu, yaani chombo cha kupimia umeme, ili wageni wanaotembelea maabara wasiboreke, na huyo mzee kabla ya hapo alikuwa kwenye mradi wa bomu la atomiki...

Mzee akanyanyua kichwa. "Bomu?"

"Hapana mzee, hilo lilikuwa la vita ya pili."

Akaandika. Nikasoma kwa kupindua shingo, mwandiko mzuri wa kizamani umelalia kulia: *Bastola 1 (anadai ya bata). Mtoto 1. Bomu – linatajwa.*

Akaweka peni chini akasema haya, kama ni ya kuchezea, icheze tuone. Mule ndani kuna flati ya ukutani, nikachomeka waya, gemu likawaka, bata wakaruka, nikaona nimepona. Nikavuta triga. Bata yuleee akapaa. Nikavuta tena, wapi. Yule mbwa akaibuka kwenye nyasi kashika mdomo anacheka. Waliowahi kulicheza wanamjua, ukikosa anakucheka na hakuna namna ya kumpiga. Dada afande akajaribu, akachekwa. Mzee akajaribu kwa kukunja goti moja kama yuko mgambo, akachekwa na yeye, uso ukabadilika.

Ikabidi nieleze. Hii kitu ukivuta triga skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, halafu pale alipo bata inatokea mraba mweupe. Ndani ya mtutu kuna kijicho kinachosoma mwanga, kikiona nyeusi halafu nyeupe basi bata kafa, ile nyeusi imewekwa makusudi ili mjanja asielekeze kwenye taa ya dari akajipatia pointi. Sasa mahesabu yote hayo yalipigwa kwa TV ya chogo ambayo picha inatokea papo hapo, flati inachelewa kidogo tu lakini ni kama kufika msibani watu wameshazika.

"Kwa hiyo haifanyi kazi kama toi?" mzee akauliza.

"Kwa hapa haifanyi."

"Basi inafanya kazi kama nini?"

Swali hilo sina jibu lake mpaka leo.

Aliyeniokoa ni dada afande, akakumbuka mama ntilie wa nyuma ya jengo ana chogo. Tukaenda, mama akakataa katakata, saa moja kuna tamthilia. Ikabidi aje nayo mwenyewe kulinda mali yake, walinzi wawili wameibeba wanahema, yeye nyuma na mwiko mkononi. Ikachomekwa. Mzee akapiga goti, akavuta, bata chini! Kachumba kakalipuka. Hapo ndo nikasahaulika kabisa, mstari wa watu wa kukaguliwa ukafika nje juani, kila mlinzi anataka zamu yake, na mama ntilie alipoipata ile bastola hakuachia, anapiga bata wawili wawili huku anasema "nyama hiyo, nyama hiyo," mpwa wangu anamhesabia.

Ukumbini nimeingia zimebaki dakika chache wafunge. Vitu vingi niliviona kwa kukimbia, ila kulikuwa na picha ya Pong, gemu la mpira wa meza la 1972, na kijana akatusimulia kwamba mashine ya kwanza iliwekwa baa moja kule Sunnyvale, California, baada ya muda mwenye baa akapiga simu imegoma, fundi Allan Alcorn kwenda kufungua akakuta ugonjwa wenyewe ni sarafu, kopo la ndani limejaa hadi zinamwagika. Mama ntilie alikuwa kasimama pembeni yangu anasubiri chogo yake. Akauliza mara mbili, "Zimejaa hadi zinamwagika?"

Kesho yake nilikuta chogo iko ukumbini, na gemu langu juu yake, na pembeni kopo la maziwa ya unga limetobolewa mfuniko, raundi moja mia mbili, mama kakaa kwenye stuli na kanga yake begani. Mimi mwenye gemu nikaambiwa nipange foleni. Yule mzee wa daftari alikuwa mbele yangu na kofia yake ya kazi, kamwachia geti dada afande peke yake, ambaye begi langu hata hakulipitisha kwenye mashine, aliniuliza tu kama nina chenji ya elfu tano.