Mcheza kwao hutuzwa, ila nani anamlipa?

Mwaka jana, wiki ambazo mtama ulikuwa unaanza kuvunwa, nilipanda Canter moja na kikundi cha muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, kutoka kijiji kimoja cha Chamwino kuja mjini Dodoma. Akina mama walikuwa kumi na tisa, na vijana wanne wa zeze, chombo cha nyuzi, na ilimba, chombo cha kupigwa kwa vidole gumba. Tuliondoka saa kumi alfajiri, maana barua ya mwaliko ilisema saa moja kamili wawe uwanjani. Mgeni rasmi alifika saa tano na nusu. Muda wote huo walikaa pale pembeni ya uwanja, kaniki zimeshafungwa, shanga ziko shingoni. Ngoma walikuwa wanazitoa juani ili ngozi ikaze, kisha wanazirudisha kivulini isije ikapasuka. Mara tatu waliambiwa wasimame mgeni anakaribia, mara tatu wakaketi tena.

Walipiga dakika kumi na mbili. Ukiwa karibu unaona kitu ambacho kwenye televisheni hakionekani: mwanamke ameibana ngoma kati ya mapaja, goti moja mbele, viganja vinapiga haraka mpaka huwezi kuvihesabu, na bado anaimba, na bado anamtazama mwenzake wa kushoto ajue lini wabadilishe. Mwimbishaji wao, mama wa miaka sitini na kitu, alikuwa ametunga wimbo mpya usiku wa kuamkia siku hiyo. Ndani yake mlikuwa na jina la mgeni, na mlikuwa na barabara ya kijijini kwao inayokatika kila mvua ikinyesha. Mgeni alishuka jukwaani, akacheza kidogo, akamtuza noti ya elfu kumi. Watu wakashangilia.

Shughuli ilipoisha ikaja bahasha: shilingi 200,000. Canter ilichukua 80,000. Zikabaki 120,000 kwa watu ishirini na watatu. Kila mmoja alipata elfu tano, na elfu tano ya mwisho ikanunua maji na karanga za njiani. Mshehereshaji wa siku ile alikuwa na mkataba. Mwenye mahema na viti alikuwa na mkataba. Mwenye spika na jenereta alikuwa na mkataba, na sehemu ya malipo alishaipokea kabla hajafunga waya wa kwanza. Watu wa ngoma peke yao ndio waliokuja na barua ya mwaliko.

Siku hizi kila kongamano la utamaduni lina msemo wake: sanaa ni ajira, sanaa ni uchumi, sanaa itawainua wanyonge. Nimeusikia mara nyingi katika kumbi za hapa Dodoma, na mara nyingi kikundi kama kile ndicho kilichotangulia kutumbuiza kabla ya mada kutolewa. Ninaamini sanaa inaweza kuleta haki ya kiuchumi kwa watu walioachwa nyuma. Lakini nadhani tumekuwa tukilitazama jambo lenyewe kwa upande ambao siyo.

Tuanze na wanaoiamini, kwa sababu hoja yao ina nguvu. Ugogo ni nchi kavu. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ikikosea mwezi mmoja tu mtama na uwele vinaharibika. Njaa hapa ina historia ndefu, na kutokana na njaa hizo likazaliwa jina baya: kwa miaka mingi huko Dar es Salaam, Mgogo ametajwa kwa utani wa kuomba barabarani. Watoto wetu wamekulia chini ya utani huo. Sasa mtu anayesema kwamba jamii hiyo hiyo ina mali isiyotegemea mvua, mali ambayo ulimwengu umeisikiliza na kuistaajabia, anasema jambo la kweli na la heshima. Uimbaji wa Wagogo, sauti zinazopandana tabaka juu ya tabaka, umewaleta watafiti wa muziki kutoka mbali. Hukwe Zawose, aliyezaliwa mwaka 1938 Doduma, mkoani humu humu, aliichukua ilimba na zeze za baba zake mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya, na akarekodi na kampuni ya Real World ya Uingereza. Kijana wa ufugaji, bila shahada yoyote, alifungua mlango kwa kile alichofundishwa nyumbani.

Na soko limesogea. Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, mji ukatangazwa jiji mwaka 2018, Mtumba, mji wa Serikali, ukajengwa, na treni ya umeme ikaanza kufika kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, Wagogo walipata kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho: mnunuzi mkubwa wa ngoma mlangoni. Chamwino yenyewe ndiko iliko Ikulu. Kuna uzinduzi, mapokezi, makongamano, Nanenane pale Nzuguni. Hakuna itifaki inayokamilika bila ngoma, na hakuna kiongozi anayepanda jukwaa la Dodoma asianze na salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!"

Upande wa pili nao nauheshimu. Rafiki yangu mmoja, bwana kilimo wa siku nyingi, aliniambia waziwazi: "Kijiji hakina maji ya bomba, na wewe unazungumza habari za zeze." Hoja yake ni kwamba tukiipa sanaa mzigo wa kuondoa umaskini, tunawapa wakubwa nafasi ya kupumzika. Kisima hakichimbwi, ila tamasha linafadhiliwa, na picha za tamasha zinapendeza kwenye ripoti. Siwezi kumpinga kwa hilo. Haki ya kiuchumi kwa mwanakijiji wa Bahi au Chemba inaanza na maji, barabara na bei ya alizeti, na ngoma haiwezi kuvifidia. Ninachomjibu ni kwamba yule mama aliyeacha mtama wake shambani alfajiri ile alikuwa amefanya kazi. Kuchelewa kwa kisima si sababu ya kutomlipa. Na tena, wimbo wake ulikuwa umeitaja barabara.

Kuna wasiwasi mwingine ambao kwangu ni mzito zaidi, unaohusu kile kinachoipata ngoma ikishageuzwa bidhaa. Muheme ina mizizi katika unyago, katika kumfundisha binti awe mwanamke. Kule ina usiku mzima, ina maneno yasiyosemwa mbele ya wanaume, ina mpangilio wake. Uwanjani inabanwa iwe dakika kumi na mbili, na mabinti wanaojifunza sasa wanajifunza zile dakika kumi na mbili. Wazee wanaoona hivyo hawana wivu wa maendeleo. Wanaona nguo inapunguzwa kila msimu mpaka itabaki leso.

Hapo ndipo methali yetu inaponisaidia kufikiri. Mcheza kwao hutuzwa. Kutuza ni neno zuri, na kijijini lilikuwa na maana kamili. Leo ninacheza kwenye shughuli ya binti yako, unanituza kuku au debe la mtama. Mwezi ujao unakuja na jembe kwenye palizi yangu. Mwaka wa njaa ng'ombe niliyewekesha kwako anatupatia maziwa sote wawili. Tuzo ilikuwa sehemu ya mzunguko, na katika mzunguko ule hapakuwa na mtu aliyepunjwa, au akipunjwa alijua pa kwenda kulalamika. Ngoma ilipotoka kijijini ikaenda uwanjani, ilikwenda na neno lake la kutuza, lakini mzunguko ulibaki nyuma. Mgeni rasmi hatakuja na jembe. Tuzo ya mtu ambaye hutamwona tena ni hisani, na hisani haina kiwango, haina tarehe, haidaiwi. Kulipa kunadaiwa. Nadhani tofauti kati ya maneno hayo mawili inabeba sehemu kubwa ya tunachokiita haki ya kiuchumi katika sanaa, kuliko programu nyingi za kuibua vipaji. Vipaji vimeshaibuka, vina mvi.

Sheria nayo inaonyesha tatizo hilo hilo kwa lugha yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sanaa za jadi imezipa sehemu yake, na ruhusa ya kuzitumia kwa faida nje ya mazingira yake ya asili imewekwa mikononi mwa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Kuna busara katika hilo, kwa sababu bila mlinzi yeyote mtu angechukua tu. Lakini kijiji chenyewe hakimo katika mpangilio huo kama mwenye mali. Na lipo kosa la kufikiri linalorudiwa sana, kwamba wimbo wa ngoma hauna mwenyewe. Yule mama alitunga wimbo usiku ule, kwa maneno yake na kwa jina la mtu aliye hai. Angekuwa na gitaa na akaunti ya mtandaoni tungemwita mtunzi. Kwa kuwa anapiga muheme tunauita wimbo wake "wa asili", na neno hilo linamfuta.

Hata suala la nani anafaidika ndani ya familia ya muziki halijanyooka. Zawose alihamia Bagamoyo, na huko, zaidi ya kilomita 400 kutoka nyumbani kwake, ndiko ukoo wake ulikojenga jina. Simlaumu hata kidogo, chuo cha sanaa kilikuwa kule na jukwaa lilikuwa kule. Mwaka 2024 Pendo na Leah, binti na mjukuu wake, walitoa albamu yao ya kwanza kwa jina la The Zawose Queens. Wanawake ndio wenye muheme, wameimba nyuma ya wanaume vizazi na vizazi, na ilichukua mpaka miaka hii ndipo majina yao yakatangulia kwenye kasha. Kondoa pia kuna funzo kama hilo. Michoro ya miambani ya Kolo iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na sehemu ya thamani iliyotambuliwa ni kwamba watu wa pale bado wanafanya matambiko yao kwenye mapango yale. Watu walio hai ni sehemu ya kile ambacho mtalii anakuja kukiona. Fungu lao linapaswa kujulikana kwa tarakimu.

Basi tufanye mikataba, watasema wengi. Hapa nakiri njia si nyepesi. Kulipwa rasmi na ofisi ya umma kunataka kikundi kiwe kimesajiliwa, kiwe na namba ya mlipakodi, akaunti ya benki, risiti ya mashine, na siku hizi kiwe ndani ya NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma. Ukiliweka sharti hilo kesho asubuhi, atakayepata kazi ni kikundi cha vijana wa mjini wenye kompyuta, waliojifunza muheme kwenye video, na bibi wa Mvumi atabaki nyumbani na ngoma yake. Urasimi unaoletwa kwa jina la haki unaweza kumtoa mlangoni yule yule tunayemtetea. Bahasha, pamoja na dhuluma yake, angalau inamfikia siku hiyo hiyo.

Wengine wanasema wakope. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Ni fedha nzuri. Vikundi vya ngoma ninavyovijua vimeomba mkopo huo kwa ajili ya kuku na alizeti, maana ukiandika "ngoma" kwenye andiko la biashara utaulizwa marejesho yatatoka wapi. Swali hilo ni la haki. Kazi isiyolipwa haiwezi kurejesha mkopo, kwa hiyo mkopo utabaki kuwa deni mpaka siku malipo yatakapokuwepo.

Nikipima yote, naegemea upande wa malipo, na ningependa yaanze na mnunuzi kabla ya kumdai muuzaji karatasi. Mnunuzi mkubwa wa ngoma Dodoma ni ofisi za umma zenyewe, na jambo hili halihitaji sheria mpya. Kila halmashauri inaye ofisa utamaduni. Yeye anaweza kuvisajili vikundi vya kata zake, akawasaidia kupata hizo namba na akaunti, na baraza la madiwani likapitisha kiwango cha chini cha kuita ngoma: nauli mbali, chakula mbali, ujira mbali, na saa za kungoja zihesabiwe kama saa za kazi. Mwimbishaji aandikwe kwa jina kama mtunzi. Nimeshaambiwa kwamba ikiwa ghali, waandaaji watapiga muziki wa kurekodiwa. Baadhi watafanya hivyo, na vikundi kadhaa vitakosa mialiko. Hasara hiyo siipuuzi, kwa sababu elfu tano ni chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Lakini mialiko mingi ya Mei na Juni, wakati Bunge la bajeti likiwa limejaza mji, inawakuta watu wako kwenye mavuno, na siku moja nje ya shamba ina gharama ambayo bahasha haijawahi kuifikia.

Kuhusu kupunguzwa kwa ngoma yenyewe, sidhani malipo yataiponya. Huenda yakaiharakisha. Ila nimeona pia kwamba binti anayemwona mama yake akirudi na hela halali hukaa karibu na ngoma muda mrefu zaidi, na akikaa karibu atausikia na ule usiku mzima.

Jioni ile kwenye Canter, tukipita Buigiri jua likizama, mwimbishaji alikuwa amekalia gunia, ngoma miguuni, noti ya kutuzwa ameifunga kwenye pindo la kitenge. Alikuwa ameshaitangaza kwa wenzake kwamba itaingia kwenye mfuko wa kikundi, ngozi ya ngoma moja imelegea na inataka kubadilishwa. Nikamuuliza kama wakiitwa tena watakwenda. Akasema watakwenda. Halafu akanyamaza kidogo, akaniuliza yule wa spika karatasi yake aliandikiwa na nani, na kama mtu huyo anaandika hata kwa watu wa vijijini.