Mgeni Rasmi Alivyokunywa Mradi Wetu

Mtu anayetaka kujua kama shamba lake lina asidi nyingi, na hana fedha za kupeleka udongo maabara, anaweza kuanza na choya, yale maua mekundu ambayo wengi wetu tunayajua kwa sharubati tu. Maji ya choya hubaki mekundu yakikutana na asidi, hugeuka zambarau asidi inapopungua, na yakiingia kwenye alikali kali, yaani kinyume cha asidi, huwa ya kijani. Huo ndio uliokuwa mradi wetu, mimi na mwenzangu, katika maonyesho ya sayansi ya wanafunzi mjini Tanga tulipokuwa kidato cha pili, na hadi leo naamini ulikuwa bora kuliko ule wa meza ya jirani wa kutengeneza volkano kwa siki na magadi soda, kwa sababu wetu ungeweza kumfaa mkulima, ilhali sijapata kumwona mkulima mwenye shida ya volkano.

Tulikuwa na udongo wa aina tatu. Wa kwanza ulitoka kwenye mashamba ya chai ya Amani, katika milima ya Usambara, na chai hupenda udongo wenye asidi, yaani pH (kipimo cha asidi, ambapo chini ya 7 ni asidi) ya 4.5 hadi 5.5. Wa pili tuliuchimba jirani na mapango ya Amboni, ambako mwamba wenyewe ni wa chokaa. Wa tatu ulipaswa kutoka kandokando ya Ziwa Natron, lile ziwa la magadi ambako heroe huzaliana, lakini fedha zote za mradi zilitosha nauli ya Amboni tu. Tukanunua magadi sokoni, yale ya kulainishia maharage, na mwalimu wetu akatushauri tuandike pembeni neno "kiwakilishi" kwa herufi ndogo sana.

Kila udongo tuliutikisa ndani ya maji ya mvua, tukauacha utuame, tukachuja maji ya juu kwa kitambaa na kuyadondoshea choya, tena kidogo tu, kwa kuwa choya yenyewe ina asidi na ikizidi humsingizia kila udongo. Vyombo vya maabara vilikuwa vimekwisha chukuliwa na watu wa volkano. Mama yake mwenzangu akatuazima jagi, sinia na zile bilauri zake za maua anazotolea sharubati siku ya Idi, akaongeza na kitambaa cha kufuma ili meza isimwaibishe. Kwa hiyo palikuwa na jagi la choya iliyochemshwa hadi ikawa nzito, na kando yake bilauri nyekundu iliyoandikwa Amani, ya zambarau iliyoandikwa Amboni na ya kijani iliyoandikwa Natron. Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa pili, na anayeijua Tanga ya mwezi wa pili hahitaji maelezo.

"Shikamoo mzee," tulimwamkia mgeni rasmi kwa pamoja.

"Marahaba wanangu. Nyinyi peke yenu ndio mliokumbuka kwamba watu wana kiu."

Kabla mwenzangu hajafungua mdomo, mkono wa mzee ulikuwa umekwisha fika. "Nianze na ya Amani," alisema, "maana bila amani hakuna maendeleo." Msafara ukapiga makofi, naye akanywa.

Nilimwona alivyosita, ulimi ukitafuta kitu nyuma ya meno ya mbele, na nadhani ilikuwa punje ya Usambara. "Hii ni ya asili kabisa," akawaambia wenzake, "ila haijakolea." Akajaza bilauri ile ile kutoka kwenye jagi na kuimaliza kwa mkupuo mmoja. Choya nzito isiyo na sukari haimstahi mtu: jicho la kushoto lilijifumba lenyewe, mashavu yakazama, na ilipita kitambo kabla hajasema kwa sauti ndogo, "Kweli sukari imepanda bei."

Mwenzangu akanyoosha mkono kumzuia, lakini mkuu wa shule, aliyesimama nyuma ya mgeni, alimtupia lile jicho ambalo kila mwanafunzi analijua. Kwetu mtoto hampokonyi mtu mzima bilauri, hasa mtu mzima aliyekuja na dereva. Basi mzee, akitafuta cha kuondolea ukali, akaigeukia Natron na kuishusha nusu.

"Yale magadi ni ya chakula," mwalimu alininong'oneza, akijituliza yeye zaidi kuliko mimi. "Watu wanakula maharage kila siku."

Asidi ikikutana na magadi hutoa gesi ya kabonidayoksaidi, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiendesha volkano ya jirani zetu. Mgeni alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akafika kwenye maneno "Ardhi yetu, wanafunzi wapendwa, inatoa," kisha akabeua kwa kirefu, na spika zikaufikisha mbeuo huo hadi kwa wauza karanga waliokuwa nje ya lango.

Wakati huo huo jaji mmoja alikuwa mbele yetu na fomu yake, akiuliza uko wapi ushahidi kwamba asidi na alikali vilikutana. Mwenzangu, aliyekuwa amekwisha kata tamaa, akaonyesha jukwaani kwa kidole. Jaji akaandika kwa muda mrefu. Tulipata alama zote za "matokeo yanayoonekana" na sifuri ya "usalama".

Jioni tulipokuwa tukifungasha, dereva wa mgeni alikuja na chupa tupu. Alisema kiungulia kilimsumbua mzee tangu asubuhi na sasa kimetulia, hivyo ametumwa kuchukua ile ya kijani iliyobaki, na mzee anauliza kama tunayo ya baridi.