Nani Kasema Kroshia Haifundishiki kwa Kiswahili?

Jumamosi iliyopita nilikaribishwa nyumbani kwa rafiki yangu, Tabata, ambako wanawake saba au wanane hukutana kufuma na kuelekezana. Mmoja wao, kijana mwenye mkono mwepesi kuliko mikono yetu sote, aliombwa na mgeni aliyekuwa ameshika sindano ya kroshia kwa mara ya kwanza amweleze kwa Kiswahili alichokuwa akikifanya. Alijibu kwamba haiwezekani, kwa kuwa kroshia haina Kiswahili. Aende kwanza akajifunze majina ya Kiingereza, kisha arudi. Yule mgeni aliiweka sindano juu ya meza, na mpaka tulipoagana hakuishika tena. Nimekaa na jambo hilo wiki nzima na hasira yangu haijapoa, kwa sababu jibu lile si la kweli, na kwa sababu mimi mwenyewe nililiamini kwa miezi mingi na likanigharimu.

Nilijifunza kroshia peke yangu, usiku baada ya kazi, kwa video za simu na kwa kitabu kikuukuu cha Kiingereza kilichochapishwa Uingereza, nilichokinunua kwa muuza vitabu vya mitumba. Nilipoona vidole vimezoea, nilinunua madonge sita ya uzi Kariakoo, nikachukua maelekezo ya mtandio yaliyoandikwa na Mmarekani, nikaanza. Mtandio ulitoka mzito na mgumu kama mkeka, urefu wake ukawa karibu nusu ya ule wa kwenye picha, na kila ukingoni pete tatu za kupandia mstari mpya, yaani vitanzi vya mnyororo vinavyoinua uzi hadi kimo cha mstari unaofuata, zikajikunja na kutokeza nje. Niliufumua na kuufuma upya mara tatu. Mara zote tatu niliamini kwamba kosa lilikuwa la mikono yangu, kwamba ninavuta uzi mno, kwamba pengine kazi hii wamejaliwa wengine.

Kosa halikuwa la mikono. Waingereza na Wamarekani hawakubaliani juu ya majina ya mafundo. Liko fundo fupi: unaingiza sindano, unavuta uzi, sasa una vitanzi viwili, unavuta tena uzi upite katika vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Liko na fundo refu: unazungusha kwanza uzi juu ya sindano, unaingiza, unavuta, una vitanzi vitatu, unapitisha uzi katika viwili, kisha katika viwili vilivyobaki. Jina lenye maana ya "maradufu", ambalo Mwingereza amelipa fundo fupi, Mmarekani amelipa fundo refu. Ukihesabu vitanzi vilivyoko sindanoni utaona Mwingereza hakukosea kuliita la kwanza maradufu, na ukihesabu mikupuo ya kumalizia utaona Mmarekani naye ana haki yake. Lakini mtu aliyejifunzia kitabu cha huyu akafuata maelekezo ya yule atafuma kitu kingine kabisa, na hakuna sentensi hata moja itakayomwonya ikiwa mwandishi hakukumbuka kutaja anafuata hesabu ya nani. Hata zile pete tatu zilizokuwa zikitokeza nje zilikuwa zinaniambia ukweli: pete tatu ni kimo cha fundo refu, nami nilikuwa nikifuma fundo fupi, ambalo hupandiwa kwa pete moja tu. Sikuzielewa kwa sababu majina niliyokuwa nayo hayakutoka katika kuona kwangu.

Aliyenifumbua macho ni mama mkubwa, Muheza, ambaye amefuma vitambaa vya makochi tangu kabla sijazaliwa. Nilimpelekea mtandio ule mwezi wa saba. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya chai, aliutandaza mapajani, akapitisha kidole pembeni mwake kama mtu asomaye, akasema, "Mwanangu, umepanda kwa nguzo ukajenga kwa visiki." Sentensi moja. Ilimaliza suala lililonishinda kwa miezi minne, na ilikuwa ya Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

Nguzo, kwake, ni fundo refu. Kisiki ni fundo fupi. Mnyororo ni mnyororo, na kila kiungo chake ni pete. Ukifuma nguzo moja, pete mbili, ukaruka mbili za chini, ukafuma nguzo tena, umefungua dirisha. Na mahali pa zile pete mbili ukiweka nguzo mbili, dirisha umeliziba. Wote waliokulia katika nyumba zetu wanavijua vitambaa hivyo, vyenye mawaridi, njiwa au jina la mwenye nyumba juu ya mgongo wa kochi, ila huenda hawajui kwamba picha zile zote ni madirisha yaliyozibwa na yaliyoachwa wazi, na kwamba mama zetu walizichora kwanza katika madaftari ya hesabu yenye miraba, mraba mmoja kwa dirisha moja. Madirisha 20 yanataka pete 61 za msingi, tatu kwa kila dirisha na moja ya nguzo ya mwisho, kabla ya kuongeza zile za kupandia. Mama mkubwa alinipa hesabu hiyo bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake. Darasa lake la mwisho lilikuwa la saba.

Vivyo hivyo kwa duara. Anza na visiki sita, kila mzunguko uongeze sita, 12, 18, 24, na duara litalala chini. Ukiongeza pungufu ya hapo kingo zinainuka kama bakuli, na yeye husema kazi "inalia". Ukizidisha zinafanya mawimbi, naye husema "inacheka". Nilikuwa nimesoma jambo hilohilo katika kurasa mbili za Kiingereza na sikulishika. Sasa ninalijua kwa jicho, kabla sijahesabu, kwa kuwa kilio na kicheko vina sura.

Kwa hiyo mtu anaposema Kiswahili hakina maneno ya kazi ya uzi, ninamwomba aangalie vizuri anachokanusha. Lugha hii ina mtande na mshindio, nyuzi za urefu na nyuzi za kukata katika kitambaa kinachofumwa, na neno mfumo, ambalo leo tunalisikia katika kila ofisi, limezaliwa na kufuma. Fundi wa cherehani hupiga bandi kabla ya kushona pindo. Msusi wa mikeka ana chane, ana ukili, ana shupatu, na hatakubali uchanganye moja na jingine. Katika magofu ya Kilwa wanaakiolojia walichimbua vizito vya udongo vilivyotumika kusokotea uzi wa pamba. Watu waliofanya kazi hiyo hawakuifanya kwa ububu. Hata kroshia, neno lenyewe, lilitoka kwa Wafaransa likiwa na maana ya kulabu ndogo tu, yaani wao nao walitazama chombo kilichokuwa mkononi wakakiita kwa umbo lake. Mama mkubwa alipotazama fundo akaona nguzo, alifanya kazi ileile, kwa haki ileile.

Upungufu wetu ni kwamba hatukuandika. Maneno haya yamekaa midomoni mwa wanawake ambao hakuna aliyewauliza, kwa kuwa kazi yao ilihesabiwa kuwa ya kupitishia jioni, na sisi tulipotaka kujifunza tulikimbilia simu tukawapita wakiwa wamekaa barazani. Nami ni mmoja wa waliopita. Nilitumia miezi minne nikitafuta kwa watu wa mbali kitu kilichokuwa Muheza, safari ya siku moja kwa basi.

Ninakubali kwamba maelekezo mengi mazuri yako kwa Kiingereza, na sitamkataza mtu kuyasoma. Ninakubali pia, ingawa linanipunguzia hoja, kwamba Wajapani wanafuma kwa kufuata michoro isiyohitaji lugha: kiduara kirefu kama yai ni pete, msalaba mdogo ni kisiki, herufi T iliyokatwa kwa kistari kimoja ni nguzo, na mtu anayezijua alama hizo anaweza kufuma kutoka katika kitabu asichoweza kukisoma hata neno moja. Ninaitumia michoro hiyo na ninaipenda. Hata hivyo Wajapani wenyewe wana jina la kila alama kwa lugha yao, maana mchoro haumjibu mwanafunzi anayeuliza, "Nimekosea wapi?"

Na hilo ndilo swali la mtu anayejifundisha, usiku kucha. Anayefundishwa ana mtu wa kumshika mkono kosa linapotokea. Anayejifundisha ana maneno tu, na maneno yakiwa ya kubahatisha atahukumu vidole vyake badala ya kurekebisha fundo. Sijui ni wangapi wameacha kwa sababu hiyo, lakini Jumamosi nilimwona mmoja akiacha mbele yangu, na nilinyamaza kwa kuwa mwenye nyumba ni rafiki na sikutaka kuharibu mchana wa watu. Ukimya huo unaniuma kuliko lile jibu alilopewa.

Jumatatu nilimtafuta yule mgeni kwa simu, akakubali kuja kwangu. Nilimpa sindano ya milimita tano na uzi mnene wa rangi nyeupe, kwa sababu mafundo hayaonekani vizuri katika uzi mweusi na anayeanza anahitaji kuona. Hatukutaja jina lolote la Kiingereza. Alifuma mnyororo wa pete 20, akajenga visiki mstari mmoja, akapanda kwa pete tatu, akaingia kwenye nguzo. Kufikia mstari wa nne kipande kilianza kupungua upande mmoja, akasimama mwenyewe, akazihesabu kwa kidole, akasema, "Nguzo ya mwisho nimeiacha chini." Ndivyo ilivyokuwa: hakuwa amefuma juu ya zile pete tatu za kupandia, ambazo nazo ni nguzo. Aliifumua mistari miwili bila kuninyooshea kazi nimsaidie.

Nimefungua daftari la miraba kwa ajili ya maneno haya. Upande mmoja nimechora alama, upande wa pili nimeandika jina la mama mkubwa na namna ya kufuma. Mpaka leo yako majina 11. Lipo fundo moja lililonisumbua, lile la katikati, ambalo unazungusha uzi kama wa nguzo lakini vitanzi vyote vitatu unavipitia kwa mkupuo mmoja, kimo chake kikawa kati ya kisiki na nguzo. Nilimuuliza mama mkubwa analiitaje. Alilifuma mara mbili, akaligeuza, akalitazama kwa nyuma, akasema hajawahi kuwa na haja nalo, nimuulize mtu wa Pangani au wa Unguja. Mstari wake nimeuacha wazi.