Waya wa Simu kwenye Pikipiki Uanzie kwenye Fyuzi

Saa moja na nusu usiku, kwenye foleni ya Kimara Mwisho, nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilidhani inatoka kwenye lori lililokuwa mbele yangu. Mara moshi mwembamba ukapanda kutoka kwenye shingo ya pikipiki, chini kidogo ya simu iliyokuwa inanionyesha njia ya Bonyokwa. Nikazima ufunguo. Moshi haukukoma. Nikaisukuma pikipiki pembeni, nikang'oa kiti, na dereva wa bodaboda aliyekuwa jirani akaja na plaizi yake akaukata waya wa kuchajia simu karibu kabisa na betri. Hapo ndipo moshi ulipokatika. Tangi lilikuwa limejaa petroli.

Tuliufuata ule waya kwa tochi. Ulikuwa umetoka moja kwa moja kwenye chanya ya betri, ukapita chini ya tangi, ukabanwa kwenye shingo pale usukani unapogeukia. Kila kona niliyokata kwa miezi mitatu ilikuwa inausugua. Ganda likaisha, shaba ikagusa chuma cha bodi, na kwa kuwa hapakuwa na fyuzi ya kukata umeme unapozidi, betri ikausukumia umeme wake wote ule waya mwembamba kama wa spika. Kuzima ufunguo hakukusaidia kitu, kwa sababu waya haukupitia kwenye ufunguo.

Tangu siku hiyo kila ninapoegesha naangalia pikipiki za wenzangu, na ninachokiona kinanisikitisha. Kishikio cha simu ni kizuri, cha chuma, kina skrubu nne na raba za rangi. Waya wake umeviringwa na solotepu, umechomekwa popote palipopatikana umeme. Tukienda kununua tunabishana bei ya kishikio, tunakipima kwa kukitikisa, halafu kazi ya umeme tunamwachia yeyote aliye karibu aimalize kwa dakika kumi. Kwangu mimi tumepindua mambo. Kishikio kikivunjika unapoteza simu. Waya ukikosewa unaweza kupoteza pikipiki, na wewe uko juu yake.

Mahali ambapo mafundi wengi huchukulia umeme ni taa ya mbele, kwa kuwa iko karibu na usukani. Kwenye pikipiki kadhaa ndogo hilo ni kosa kubwa. Taa yake ya mbele hailishwi na betri. Inalishwa na koili ya injini moja kwa moja, kwa umeme wa AC, yaani unaogeuza mwelekeo kila mara, unaopanda na kushuka kadiri unavyovuta mafuta. Utaitambua kwa urahisi: ukiachia mafuta taa inafifia, ukivuta inawaka sana. Chaja ya USB ya pikipiki imetengenezwa kupokea umeme wa betri, wa volti 12 hivi injini ikiwa imezimwa na 14 hivi ikiwa inaunguruma, na kuushusha hadi volti 5. Ukiilisha AC ya taa, haitadumu, na ikifa inaweza kufa na simu.

Basi umeme utoke kwenye betri, lakini uwe na mlinzi. Fyuzi ikae karibu kabisa na chanya, si kule mbele kwenye chaja, maana inalinda waya wote unaofuata baada yake. Ukiiweka mwisho wa safari, waya mzima kabla yake uko uchi. Ukubwa wake si wa kubahatisha. Chaja inayotoa ampea 2 kwa volti 5 ni wati 10. Hizo wati 10 ukizitoa kwenye betri ya volti 12, pamoja na zinazopotea kwa joto, ni kama ampea moja tu. Fyuzi ya ampea 2 au 3 inatosha. Kuna anayeweka ya 15 kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo mfukoni. Huyo hajaweka fyuzi, maana waya mwembamba utaungua kabla fyuzi ile haijakatika.

Halafu uupitishe kwenye umeme wa ufunguo, kwa kupitia rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, au waya unaopata umeme pale tu ufunguo unapowashwa. Watu huona hili ni anasa. Lakini chaja hula umeme hata simu ikiwa haipo, hasa zile zenye kitaa cha bluu kinachowaka usiku kucha. Ikila miliampea 10 tu, kwa mwezi mmoja ni zaidi ya ampea-saa 7, na betri nyingi za pikipiki ndogo ni za ampea-saa 5. Unaacha pikipiki nyumbani, unasafiri kwenda msibani, unarudi unakuta betri imekufa na unalaumu aliyekuuzia.

Njia ya waya ndiyo ninayoililia zaidi. Kabla ya kufunga chochote, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho, huku ukiushika waya kwa vidole. Usikaze, usibanwe, uwe na mlegezo. Uvalishe bomba la plastiki pale shingoni, uufunge sambamba na nyaya za asili za pikipiki, kwa sababu mtengenezaji alishatafuta njia isiyosugua. Na kabla haujaingia kwenye chaja, uache uning'inie kidogo kama bembea, ili maji ya mvua yadondokee chini badala ya kuingia kwenye tundu. Masika ya Dar haina huruma. Nimeona matundu ya USB yameota kutu ya kijani ndani ya wiki chache kwa kukosa kifuniko cha raba.

Simu yenyewe sasa. Msimamo wangu ni kwamba simu yako nzuri isikae kwenye usukani. Septemba 2021 Apple wenyewe walitoa tahadhari kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki, ukipitia kwenye usukani, unaweza kuharibu kamera za iPhone, kwa kuwa ndani mna lenzi inayoelea ili kutuliza picha. Simu nyingine nyingi zina lenzi za namna hiyo. Ongeza vishandu, wale wezi wanaokwapua simu barabarani, ongeza jua la saa saba linaloifanya simu ikatae hata kuchaji.

Tumia simu ya zamani, iliyopasuka kioo cha nyuma, isiyo na laini. Wengi hawaamini nikiwaambia kwamba GPS haili bando. Simu inapokea tu mawimbi ya satelaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 20,200. Kinachokula bando ni kupakua ramani. Pakua ramani ya Tanzania mara moja kwa waifai, kwenye programu kama Organic Maps au OsmAnd, na umemaliza. Ramani zake zinatoka OpenStreetMap, ramani huru inayochorwa na watu wa kujitolea, na kwa Dar es Salaam tuna bahati: tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe mitaani kuchora mifereji, vichochoro na nyumba za maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Mimi nimepeleka mizigo Tandale kwa kufuata vichochoro walivyovitembea kwa miguu.

Kishikio kiwe juu, karibu na mstari wa macho, kisifunike taa za dashibodi. Basi.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu alileta Boxer yake tuifunge pamoja. Tulitumia nusu saa kwa kishikio na karibu saa tatu kwa waya. Mwisho akashika usukani, akaugeuza kushoto, kulia, kushoto tena, mimi nimeinama na tochi naangalia shingo. Waya haukusogea. Akachukua fyuzi mbili za akiba, akazifunga kwa solotepu pembeni ya betri, akarudisha kiti.