Chatu wa Mwenge

Kwanza, yule mshikaji aliyeweka kwenye stetasi kwamba nimelia mbele ya mteja: sikulia. Feni ilikuwa inanipuliza machoni. Mengine aliyoandika, bahati mbaya, ni kweli.

Steshenari yetu ya Mwenge mnaijua. Kompyuta inaendeshwa na Ubuntu, si Windows, diski imeshiba mpaka inahema. Jana kaja mama mmoja wa kamati ya sendofu, anataka kadi 150 za mchango. Nimempangia vizuri, maua ya dhahabu, jina la bibi harusi limejikunja kwa madaha. Nimeshahifadhi, nataka kutoa PDF, inagoma: nafasi hakuna. Nikamwambia mama ngoja nifagie kidogo. Nikafungua terminali, lile dirisha la kuiamuru kompyuta kwa maandishi. Mama akasogeza kiti aone, na mimi nikiangaliwa huwa nazidisha.

Nikakutana na Python, lugha ya kuandikia programu, ambayo jina lake kwa Kiswahili ni chatu. Nikajiuliza, humu nani anaandika programu? Sisi tunatoa kopi na kupiga laminesheni vyeti. Chatu wa nini dukani? (Wajuaji tulieni, najua jina lilitoka kwa wachekeshaji wa Uingereza, si kwa nyoka. Jana alikuwa nyoka.) Nikaiagiza apt, ile ya kuweka na kuondoa programu, imfukuze:

sudo apt remove python3

Pasiwedi. Yakashuka majina ya wote wanaomtegemea chatu, kama tangazo la kifo redioni: habari ziwafikie ubuntu-minimal, ziwafikie ubuntu-desktop, na ndugu wote popote walipo. Mwenye akili angesimama hapo, maana ubuntu-desktop ndilo furushi la madirisha na vitufe vya skrini. Mimi nikasoma "ubuntu-desktop" kwa sauti, mama asikie Kiingereza changu. Chini kabisa ikasema nitapata GB 1 na ushee. Moyo ukacheza taarabu.

Halafu ikauliza kwa heshima zote: Y/n. Ile Y kubwa maana yake ukigonga Enter tu, umekubali. Nalijua hilo tangu chuo. Kidole kikanyanyuka. Kikaning'inia. Mama akapiga chafya. Nikasema, "Afya, mama." Nikagonga.

Mistari ikakimbia, namwelezea mama, "Hapo inasafisha." Ikasafisha kweli. Nikabofya hiki, hakifunguki, kile, kimya. Nikasema tuizime tuiwashe. Ikawaka nyeusi tii, vijiandishi vyeupe pale juu vinaniuliza mimi ni nani. Hata mimi nilikuwa sijui tena.

Mama akavua miwani, akaipangusa kwa mtandio, akavaa tena.

"Mwanangu, kadi zangu zimo humo gizani?"

"Zimo, mama."

Na zilikuwemo, apt haigusi mafaili yako ya nyumbani. Lakini hebu jaribu kulisema hilo sauti ikiwa imekauka hivyo.

Basi, mshikaji wa duka la jirani kaja na simu, waya na bando lake. Tukaibembeleza intaneti kwenye ule weusi, tukasoma kwenye daftari la apt, /var/log/apt/history.log, kila marehemu aliyeondoka, tukarudisha ubuntu-desktop, chatu naye akarudi kwake. Bando likakata katikati, nikatoa buku tano. Saa mbili usiku kadi zikatoka. Mama akaomba punguzo la usumbufu, nikampa bila kupumua.

Leo asubuhi kapiga simu. Shikamoo yangu hata haikuisha.

"Mwanangu, kuna jina la mjomba limekosewa. Njoo urekebishe. Ila usifagie."