Magari mangapi yanatosha kwa duma mmoja?

Shule zikifungwa Juni, magari ya familia na ya vikundi vya kazini huongezeka kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, yakikata kulia kwenye lango la Ndabaka kuingia Serengeti. Ndipo mjadala huibuka tena hapa Mwanza kati ya madereva, wenye kampuni ndogo za utalii na wateja wao: je, hifadhi iweke kikomo cha magari yanayoruhusiwa kumsogelea mnyama mmoja, wengine wasubiri zamu au wageuze? Mjadala umekuwa mkali zaidi tangu Julai 2025, iliposambaa video ya Kogatende, kaskazini mwa hifadhi, ikionyesha watalii walioshuka magarini na kujazana ukingoni mwa Mto Mara, nyumbu wakiwa wanatafuta pa kupita.

Wanaopinga kikomo wana hoja nzito. Mtu wa Mwanza anayekwenda Serengeti mara nyingi amechangishana na ndugu au wafanyakazi wenzake. Wamekodi gari, wamejaza mafuta, wamelipa kiingilio cha watu na cha gari. Amefika, anaambiwa simba yupo palepale mbele lakini nafasi zimejaa, arudi nyuma. Ataona ametozwa kwa kitu alichonyimwa. Wapo pia wanaokumbusha kwamba hifadhi nyingi ndogo huendeshwa kwa mapato ya hifadhi chache kubwa kama Serengeti na Kilimanjaro, kwa hiyo kumchukiza mgeni wa Serengeti ni kukata fungu la nyingine.

Hoja yao nzito kuliko zote ni ya usawa. Anayelala kwenye kambi au hoteli za Seronera, katikati ya hifadhi, hufika kwa chui kabla jua halijapanda. Gari lililotoka Mwanza usiku na kusubiri lango lifunguliwe saa 12 asubuhi lina safari ya zaidi ya kilomita 120 ndani ya hifadhi, na mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Likifika, wa ndani wameshajipanga. Kikomo cha nani-katangulia kitamfaidi mwenye dola na kumwacha mwananchi akitazama migongo ya magari. Hilo silipingi hata kidogo, na kanuni yoyote itakayoandikwa bila kulitazama itakuwa imetuonea sisi wa Kanda ya Ziwa.

Ila wanaotaka kikomo hawasikilizwi wakamaliza. Wengi hudhani wanataka watu wapunguzwe getini. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, na tatizo lake si uhaba wa nafasi. Unaweza kwenda muda mrefu bila kupishana na gari, kisha dereva mmoja atangaze duma kwenye redio ya gari, na ndani ya robo saa magari yote ya eneo lile yawe yameelekea kwenye kichaka kimoja. Kinachotakiwa kupunguzwa ni ule mduara wa magari kumzunguka mnyama.

Na hapo kwenye duma ndipo ninapoomba msomaji atulie nami kidogo.

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa mtafiti wa duma Femke Broekhuis, uliofanyika Maasai Mara, upande wa Kenya wa nyanda hizihizi. Alilinganisha duma majike wanaoishi penye watalii wengi na wanaoishi penye watalii wachache. Wale wa penye utulivu walifanikiwa kulea wastani wa watoto 2.3 kwa kila mimba, mpaka wakaweza kujitegemea. Wale wa penye magari mengi walilea 0.2. Nimeirudia namba hiyo nikijaribu kuiweka katika maisha ya mnyama mwenyewe. Ina maana mimba tano kwa mtoto mmoja. Kila mimba ni ya miezi mitatu, na kwa kawaida huleta watoto watatu hadi watano. Kwa hiyo mama anazaa watoto 15 au zaidi, anawaficha kwenye majani, anawahamisha kwa mdomo mmoja mmoja, anawinda huku akinyonyesha, na mwisho wa yote anabaki na mmoja.

Atasema mtu: watoto wa duma hufa hata pasipo na gari. Ni kweli. Karen Laurenson, aliyewafuatilia duma wa nyanda za Serengeti, alionyesha mwaka 1994 kwamba takribani watoto 95 kati ya 100 hawakufikia kujitegemea, na muuaji mkubwa alikuwa simba. Mimi naona takwimu hiyo inaongeza uzito wa hoja, haiipunguzi. Mnyama ambaye simba wameshamwachia kiasi hicho tu hana akiba ya kutugawia sisi. Tukichukua kidogo, tumechukua chote.

Tena hatuhitaji kumgonga mtoto wake. Duma huwinda mchana, wakati simba na fisi wengi wamelala, na saa zake ni saa zetu za utalii. Mbio zake ni za muda mfupi sana. Akishakimbia lazima apumue kabla ya kula, na mbio zilizoharibika ni nguvu zilizopotea bure. Gari likikatiza mbele, swala ameshtuka. Likisimama kati ya mama na kichaka alichofichia watoto, mama hasogei, nao wanaendelea kungoja kunyonya. Kila dereva pale anaweza kuapa kwa haki kabisa kwamba hakufanya kosa lolote: hakuacha barabara, hakupiga honi, alikaa dakika ishirini tu. Lakini Maasai Mara yamewahi kuonekana magari hadi 30 kwa duma mmoja kwa wakati mmoja. Zidisha zile dakika.

Kuhusu usawa, jibu lipo, na limeandikwa kwa majirani zetu. Kanuni za Maasai Mara zinataka magari yasizidi matano kwa mnyama, na wengine wakisubiri, kila gari likae dakika kumi kisha lipishe. Kuandika ni jambo moja na kusimamia ni jingine, lakini kanuni ya namna hiyo haimpi aliyelala Seronera haki ya kukaa asubuhi nzima. Gari la Mwanza likifika saa nne linapata dakika zake kumi kama mwingine yeyote. Kwa maoni yangu, mtu wa kutoka mbali ndiye angepaswa kuidai kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kisha kuna dereva. Video ikisambaa yeye ndiye wa kwanza kutukanwa, na wakati mwingine anastahili. Lakini tukumbuke sehemu kubwa ya kipato chake ni bakshishi, na bakshishi hutolewa kwa alichokionyesha. Akigeuza gari kwa kumhurumia duma, nyuma yake kuna watu saba wananung'unika kwamba wenzao wamepiga picha. Kumlinda mnyama kunamgharimu dereva pesa ya mfukoni mwake.

Chanzo cha haraka hii yote kwa safari zetu ni ratiba. Hebu tupige hesabu ya siku moja. Ukiingia Ndabaka saa 12 asubuhi na kwenda bila kusimama, Seronera unafika karibu saa tatu. Lango hufungwa saa 12 jioni, hivyo saa nane au tisa mchana lazima uwe umeshaanza kurudi. Umebakiwa na saa tano au sita za kutafuta wanyama, na ili uzipate umeipita Ukanda wa Magharibi wote kama barabara ya kawaida: Mto Grumeti na mamba wake wakubwa, mbega kwenye miti ya mtoni, nyamera, twiga, na kati ya Mei na Julai nyumbu wenyewe wakielekea kaskazini. Watu wanaacha nyumbu walioko njiani kukimbilia foleni ya chui. Ukanda huo una taabu yake, udongo mweusi hunasa magari mvua ikinyesha, lakini kiangazi sioni sababu ya kuupita tu.

Wengine hushauri Saanane au Rubondo, hifadhi za visiwani Ziwa Victoria, badala yake. Saanane ni kilomita za mraba 2.18, dakika chache kwa boti kutoka Capri Point, inatosha nusu siku na watoto. Rubondo imesogea tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, na ina sokwe ambao mababu zao waliachiwa pale miaka ya 1960. Ni hifadhi nzuri zote mbili, ila anayetaka simba hatamwona Rubondo, na tusimdanganye.

Kampuni za hapa Mwanza zinaweza kuanza bila kungoja kanuni mpya. Safari ya siku moja iuzwe kama safari ya Ukanda wa Magharibi, Seronera ibaki kwa wanaolala ndani. Bakshishi ya dereva ikubaliwe kabla ya kuondoka, iwe ileile aonyeshe duma au asionyeshe. Na abiria waulizwe mapema, wakiwa bado mjini, kama wako tayari gari ligeuzwe wakikuta matano yametangulia.