Wakili kaharibu rufaa, anayelia ni wewe

Kuna sentensi moja kwenye maamuzi ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania inayochoma watu sana, kwamba uzembe wa wakili sio sababu ya kutosha kumuongezea mteja muda wa kukata rufaa. Ipo kwenye Umoja Garage dhidi ya NBC ya 1997, kabla yake kuna Calico Textile ya 1983, na ukiingia TanzLII, mtandao unaoweka maamuzi ya mahakama, leo utazikuta za namna hiyo kwa kumwaga. Yaani umelipa ada, wakili kalala, siku zimepita, na kipigo unakula wewe.

Upande wa pili nao una hoja, tusijifanye hatuioni. Aliyekushinda naye ni mtu, ana hukumu yake mkononi, kasubiri siku za rufaa zimeisha, kashaita fundi, halafu miezi nane baadae unaibuka unasema wakili wangu alisahau. Hilo likikubaliwa kila mara hakuna kesi itakayoisha. Na wapo wateja wakishatoa kianzio hawapigi hata simu, wanashtuka dalali wa mahakama kafika getini. Huyo sina nguvu ya kumtetea. Hata Kenya kuna majaji wanasema kesi ni ya mwenye kesi sio ya wakili, ingawa hukohuko Jaji Madan mwaka 1979 alishasema kosa ni kosa, na mlango wa haki haufungwi eti kwa sababu wakili mzoefu kakosea kitu alichotakiwa kukijua.

Ila sasa mchukue mama mmoja jirani yetu, kesi ya kiwanja, kashindwa Mahakama Kuu. Siku ya nne tu yuko ofisini kwa wakili na hela. Notisi ya rufaa ikaingia ndani ya siku 30, safi. Barua ya kuomba nakala za mwenendo na hukumu nayo ikaandikwa ndani ya siku 30, safi. Kilichokosekana ni kopi ya hiyo barua kumfikia mpinzani. Basi. Kanuni ya 90 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani inasema zile siku unazosubiri mahakama iandae nakala hazihesabiwi kwenye siku 60 za kuleta rufaa, lakini uwe umeomba kwa maandishi na mpinzani umempa kopi, hujampa basi saa inatembea tu huku wewe unadhani imesimama. Mama kila akienda anaambiwa tulia mama tunasubiri nakala. Na ilikuwa kweli, walikuwa wanasubiri nakala! Rufaa ikaondolewa kwa kuletwa nje ya muda. Mtu asiyejua sheria angegunduaje hapo kuna tatizo?

Turudi sasa kwenye maombi ya kuongezewa muda, maana hapa ndo mimi huwa naganda. Kesi ya Lyamuya Construction (maombi Na. 2 ya 2010) iliweka vigezo: ueleze muda wote uliochelewa, usiwe umepitiliza mno, uonyeshe ulikuwa unafuatilia na sio kuzembea, au kuwe na jambo zito kama uharamu kwenye uamuzi wenyewe. Na muda wote maana yake wote, hata siku moja inatakiwa ielezwe. Haya, kufuatilia alifuatilia. Anathibitishaje? Akiandika kwenye kiapo chake kwamba karani wa wakili aliniambia nisubiri, huyo karani naye anatakiwa aape, la sivyo ni maneno ya kusikia. Yaani mtu aliyekuharibia ndo umfuate, umuombe aape kwamba kakuharibia, na akiapa karatasi hiyohiyo unaweza kwenda nayo Kamati ya Mawakili, inayosimamia nidhamu yao, ukamshtaki. Nani ataapa? Mahakama inaona haki imetendeka maana mteja kapewa nafasi ya kujieleza, mimi naona kapewa mlango ambao funguo anayo aliyemfungia.

Watasema mfuate wakili. Sawa, Kamati inaweza kumsimamisha au hata kumfuta kwenye orodha ya mawakili, ila kiwanja hakirudi. Ukimdai fidia ya uzembe una miaka 3, ukienda kwa njia ya mkataba 6, na uonyeshe kwamba hiyo rufaa iliyokufa ilikuwa na uhai, kwa hiyo ni kesi ndani ya kesi. Halafu utafute wakili wa kumshtaki wakili mwenzake, kwenye mkoa ambao wote wanakutana korido moja kila asubuhi.

Kwa haki niseme, Mahakama ya Rufani yenyewe kwenye rufaa Na. 1 ya 2002 ilikubali kuna mazingira muda unaweza kuongezwa hata kama wakili alizembea kidogo. Kwa hiyo dirisha lipo, tatizo ni ushahidi wa kupenyea.

Ndo maana ukihisi mambo hayaendi usianze na ugomvi, huo nao unakula siku na wewe utaziapia. Nenda masjala mwenyewe kaombe kuona jalada lako, omba nakala kwa barua igongwe muhuri wa tarehe. Jalada la ofisini kwa wakili anaweza kulishikilia akidai ada, la mahakamani hawezi. Mwandikie barua badala ya kupiga simu, kopi isainiwe kuwa imepokelewa. Angalia mfumo wa e-Wakili kama jina lake lipo kweli, maana vishoka, mawakili feki, ni wengi. Tafuta wakili mwingine kwanza, malalamiko Kamati yatafuata.

Yule mama alichokuwa nacho ni daftari la vikoba. Nyuma kabisa alikuwa anaandika nauli za kwenda mjini, tarehe, daladala kwenda, daladala kurudi, na pembeni "kwa wakili". Wakili mpya alivyoliona akaacha kuongea, akaanza kuhesabu mistari. Kumi na moja. Alichosema karani mama hawezi kukiapia, ila hizo safari ni zake mwenyewe. Kurasa zile zimepigwa kopi, zimeambatanishwa kwenye kiapo, maombi yanasikilizwa mwezi ujao.